Pasipofika Kazi Yangu

Mchana mimi ni fundi wa taa za barabarani.
Kikapu cha kreni hunipandisha, natoa balbu iliyokufa,
natia nyingine, nyeupe zaidi, kali zaidi,
na mtaa wa Las Fuentes unang'aa
kama chumba cha daktari wa meno.

Kamera niliinunua kwa mjane wa Fermín, fundi mwenzangu.
Euro mia mbili na kumi, lenzi moja, mkanda uliochakaa,
na ndani ya mkoba kikaratasi, mwandiko wa marehemu:
Lenzi wazi kabisa. Sekunde ishirini. Usipumue.
Miaka tisa tulipanda kreni moja.
Hakuwahi kunitajia nyota.

Nilianza kibarazani, ghorofa ya sita.
Nikapata supu. Supu ya dengu, ya kahawia,
na mstari katikati: ndege ya kwenda Madrid.
Nikahamia kilima cha bustani. Supu.
Nikaenda nyuma ya makaburi ya Torrero.
Supu, ila nyepesi,
na mlinzi aliyetaka kujua nimefiwa na nani.

Ndipo nikafungua ramani ya kazini,
ile yenye kitone kwa kila nguzo tunayoihudumia,
nikaisoma kinyume, kama samaki anavyosoma wavu:
matundu kwanza.
Mashariki vitone vilikoma. Los Monegros.
Saa moja kwa gari, siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

Novemba. Cierzo, upepo wetu usio na adabu,
ukaitikisa miguu mitatu ya kamera;
nikaining'inizia vitunguu vya mama, kilo tano, ikatulia.
Tochi nikaifunika kwa karatasi nyekundu ya peremende.
Nikamtafuta Mshtarii, nikazungusha pete ya lenzi
hadi akaacha kuwa donge
akawa tundu la sindano.

Nyuma yangu Zaragoza ilikuwa kuba la rangi ya chungwa.
Niliujua mchango wangu humo, nguzo kwa nguzo.
Mbele, Kilimia: nikahesabu sita, saba,
nikatazama kando kidogo, nane.
Lakini kulia, kwenye banda la nguruwe,
taa moja ilikuwa ikimwaga uji juu ya kila kitu.
Sodiamu, wati mia na hamsini.
Mtu huwajua ndugu zake hata gizani.

Nikabonyeza. Sekunde ya kumi na moja, mbwa.
Kisha tochi, ikirukaruka, kisha sauti:
"Wezi wa shaba! Nimeshapiga simu!"
Mwanamume wa makamo, pajama na buti za mpira.
"Shaba iko wapi hapa?" nikamuuliza.
"Basi unapiga picha nini?"
"Juu."
Akatazama juu kama anayekagua paa linalovuja.

Aliitwa Licinio. Taa ile aliiweka baba yake,
haikuwahi kuzimwa, nguruwe hawakuwahi kulalamika.
Akaondoka bila kuaga. Nikafunga mkoba.
Ta!
Nimewasha taa maelfu maishani mwangu.
Sikuwahi kusikia moja ikizimwa kwa ajili yangu.

Macho yalidai dakika zao. Tukawapa.
Aliporudi alisimama karibu na vitunguu,
Jabari akipanda juu ya shamba lake la shayiri, mkanda na upanga.
"Hizi zote zilikuwa hapa?"
"Zilikuwa hapa."
"Na mimi nalipa bili ya umeme," akasema, kwa uchungu kabisa.

Usiku ule nilipiga thelathini na mbili, safi, za kujivunia.
Niliyoitundika ukutani ni ile ya kwanza:
Kilimia kimefifia, na chini yake
uzi wa mwanga, umepindapinda,
wa mtu anayekuja na hasira.

Jumatatu, nguzo ya kona ya shule,
niliifunga taa kofia ya bati, iangaze chini tu,
wanakotembea watu.
Kijana wangu wa kazi akauliza nani ameagiza.
Nikamwambia bati lilibaki.